Matokeo Yanayopotea Ishara Inapoingia: Nani Arudie Kuandika?

Hoja iliyo mezani ni hii: programu ya C inaandika kwa fwrite (funksheni ya maktaba inayokusanya baiti kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda, kabla ya kuzituma), ishara ya mfumo wa uendeshaji kama SIGALRM (kengele ya muda) inaingia katikati, na sehemu ya matokeo haifiki inakokwenda. Wapo wanaoshikilia kwamba kosa ni la mwandishi wa programu, kwa kuwa POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix, imeeleza wazi kuwa write, yaani ombi la kuandika linalokwenda moja kwa moja kwa mfumo wa uendeshaji, inaweza kurudisha EINTR, kosa la kukatizwa na ishara. Sikubaliani nao.

Anayeita write moja kwa moja huambiwa ni baiti ngapi zimepokewa. Akiomba 8192 zikapita 4096, anaendelea pale zilipokomea. Anayepitia bafa hana habari hiyo, kwa sababu fwrite huhesabu hata baiti ambazo bado zimo kwenye bafa, na fflush, inayomwaga bafa, ikishindwa husema tu kwamba imeshindwa, bila kueleza ni kiasi gani kilichokwisha kutoka. Akirudia, huenda maneno yaleyale yakaandikwa mara mbili. Akiacha, huenda yakapotea. Maktaba peke yake ndiyo inayojua ilipofika, basi irudie yenyewe. Python hufanya hivyo tangu toleo la 3.5 la mwaka 2015, isipokuwa pale funksheni inayopokea ishara inapoibua hitilafu.

Tutaambiwa kwamba SA_RESTART, chaguo linaloufanya mfumo uanze upya ombi lililokatizwa, inatosha. Inasaidia sana, ila huwekwa na anayesajili funksheni ya kupokea ishara, na mara nyingi huyo ni maktaba nyingine isiyojua lolote kuhusu matokeo yako.

Ugumu wa kulinasa tatizo hili ni kwamba faili za kawaida za diski kwa desturi hazikatizwi. Balaa liko kwenye paipu na soketi, njia za kupitishia data kati ya programu, kwa hiyo majaribio yanayoandika kwenye diski hupita bila dosari. Endesha programu chini ya strace, zana inayoonyesha maombi ya programu kwa mfumo, utafute write iliyorudisha -1 EINTR, kisha utazame kama baiti zilezile zinaombwa tena baada yake. Zisipoombwa, umempata mkosaji.

Programu inayouawa na SIGTERM, ishara ya kuitaka ifunge, bafa likiwa limejaa ni kesi tofauti, na hapo lawama ni ya mwandishi: ainue bendera tu (kigeu cha kuonyesha kwamba ishara imefika) ndani ya funksheni ya ishara, wala asiite fflush humo, kwani si salama.

Anayetaka ishara imtoe kwenye uandishi uliokwama ana haja halali, lakini atumie write bila bafa. Anayeona vinginevyo atuonyeshe jinsi ya kurudia fflush iliyokatizwa, kwa kufuata kiwango cha C pekee, bila kupoteza wala kurudufu baiti hata moja.