Wakuu, kukagua programu mara ya pili kunalipa au tunapoteza muda tu?

Mkonge_Ngamiani:
Habari za jioni wakuu. Niko Tanga, kiofisi chetu kipo Ngamiani, tuko wanne tunatengeneza mfumo wa saccos moja. Juzi tumekaa tukakagua sehemu ya mikopo mstari kwa mstari, makosa yakatoka 17 na mengine ni ya aibu, yaani mkopo ukitoka tarehe 31, ikifika Februari mfumo hauioni hiyo tarehe basi unaliruka rejesho kimya kimya, mtu anadaiwa na hakuna anayejua. Tumerekebisha yote. Sasa bosi anataka tukague tena yote upya kabla haijaenda laivu. Mi naona hapana, watu wanne, masaa mawili kila mtu kusoma na mawili ya kikao, hapo masaa 16 yameondoka na mteja anapiga simu kila siku anautaka mwisho wa mwezi. Ule ukaguzi wa kwanza sina ubishi nao, huu wa pili ndio naomba ushauri. Matusi hapana.

ChudaBoy:
Tia laivu mkuu, watumiaji ndio matesta wazuri 😂

BintiPangani:
@ChudaBoy kwa pesa za watu? Mama wa sokoni Mgandini akikuta hesabu yake imepelea elfu tatu mtaipata. Kosa likikamatwa mezani unagusa mistari miwili umemaliza, likikamatwa laivu unagusa hiyo mistari, halafu data iliyoharibika, halafu SMS zilishaenda, na bado uitwe kwenye mkutano wa wanachama ujieleze.

MzeeWaSeva:
Huu ubishi ni wa zamani sana vijana. Michael Fagan wa IBM, ile kampuni ya kompyuta, aliuwekea kanuni mwaka 1976: marekebisho yakizidi asilimia 5 ya kazi iliyokaguliwa, timu inarudi kukagua yote, chini ya hapo anayeongoza kikao anaweza kuhakikisha mwenyewe tu kwamba makosa yamerekebishwa. Maana marekebisho nayo ni mistari mipya na mara nyingi imeandikwa mbio mbio. Nyie mmegusa kiasi gani?
Ila hiyo asilimia haikwambii yamebaki mangapi. Hapo kuna hesabu ya watu wa samaki, wanavua, wanatia alama, wanaachia, wanavua tena waone wenye alama wangapi wamerudi. Chukua wakaguzi wawili waliosoma kila mtu kivyake, zidisha idadi ya makosa ya huyu kwa ya yule, gawa kwa yale waliyoyaona wote, unapata makadirio ya makosa yote yaliyomo. Mmoja ana 12, mwingine 10, yanayofanana 8, jibu 15. Mmeshakamata 14, limebaki kama moja, nendeni zenu Raskazone mkapunge upepo.

Mkonge_Ngamiani:
Mistari ni 400 hivi, tumegusa kama 50, kwahiyo asilimia 12 na ushee. Wakaguzi tulikuwa wawili, mimi na dogo mmoja, waliobaki mmoja ndio aliyeandika na mwingine kaongoza kikao. Mi nilipata 11, dogo 9, yanayofanana 3. 99 gawa kwa 3... 33?? Duh, yamebaki 16!

PwaniData:
Usiishike hiyo 33 kama hati ya kiwanja. Yanayofanana ni matatu tu, likiongezeka moja jibu linakuwa 25, likipungua moja linakaribia 50. Na hesabu inachukulia kila kosa linaonekana kirahisi sawasawa, wakati ya wazi kila mtu anayaona na yaliyojificha hakuna anayeyaona, kwahiyo kawaida inakupa namba ndogo kuliko ukweli. Mkisoma huku mnapiga stori ndio kabisa. Ila kwako vyovyote vile bado yamo.

BintiPangani:
Kaka mi nisingekagua yote, Fagan anisamehe. Riba na tarehe za marejesho rudieni, pamoja na ile mistari 50. SMS achana nazo, zitestiwe kawaida. Na usisome wewe wala dogo, macho yenu yameshazoea humo, apewe aliyeongoza kikao na mtu wa nje hata kwa kumlipa. Hayo masaa 16 hayafiki hata nusu.

Mkonge_Ngamiani:
Hapo nimekupata dada, kesho naongea na bosi. Mteja je?

BintiPangani:
Mpe sehemu ya akiba aanze nayo mwisho wa mwezi. Mikopo mwambie wiki inayofuata.

ChudaBoy:
Huyo mtu wa nje analipwa shilingi ngapi? Naulizia tu 😅