Unterhaching: joto la ardhini lipo, mbona stima wamezima?

Mkazi wa Kiamunyi: Hamjambo wenzangu. Shemeji yangu amehamia Unterhaching, manispaa ya watu wapatao 25,000 inayopakana na jiji la Munich, Ujerumani, upande wa kusini. Juzi alinitumia picha ya kikasha kilichopigiliwa ukutani katika stoo ya chini ya nyumba yao, chenye mabomba mawili yaliyovikwa sponji na mita ndogo, akanieleza kwamba joto la nyumba nzima huingilia hapo kutoka kisima cha manispaa. Kilichonishangaza ni kwamba mtambo wa stima wa kisima hichohicho umefungwa. Sisi tunaokaa chini ya volkano ya Menengai hapa Nakuru tumezoea kusikia kwamba kazi ya jotoardhi ni stima. Hawa wamebaki na nini?

Fundi wa Lanet: Wamebaki na kile kinachowalipa, ndugu yangu. Pale hakuna volkano; maji yamo katika mwamba wa chokaa, nayo ni ya moto kwa kuwa kisima kimezama zaidi ya mita 3,300. Hutoka yakiwa na nyuzi 122 hivi, ilhali visima vya Menengai vimepita 300. Kwa joto hilo dogo iliwabidi watumie mchanganyiko wa amonia na maji ili kuendesha mtambo uliozinduliwa mwaka 2009, wa megawati tatu na ushei tu, ukafungwa 2017. Joto lenyewe wamekuwa wakiliuza tangu 2007. Maji ya kisimani hayafiki nyumbani kwa shemeji yako: hupasha maji mengine yanayozunguka mabombani, kisha hurudishwa ardhini kwa kisima cha pili.

Msomaji, Kisumu: Je, Munich haina kauli katika jambo hilo?

Fundi wa Lanet: Haina. Kifungu cha 28 cha katiba ya Ujerumani kinaipa kila manispaa haki ya kujiendeshea mambo yake, na kampuni ya kisima ni mali ya Unterhaching yenyewe.

Mkazi wa Kiamunyi: Basi nasi tuombe bomba litoke Menengai!

Fundi wa Lanet: Joto halisafiri mbali kama stima, na Kiamunyi nani atalipia bomba kwa ajili ya baridi ya Julai pekee? Wateja wetu ni vituo vya kuchemshia maziwa na vitalu vya mboga, ambavyo tayari vimejaribiwa palepale Menengai.

Mkazi wa Kiamunyi: Nimekuelewa. Nitamwomba shemeji anisomee ile mita Januari, theluji ikianguka.