Folda za pamoja nyumbani: Windows, diski kwenye ruta, ao Samba?

Ibanda_Reseau
Jambo ndugu. Nyumba moja hapa Bukavu, kompyuta 4, folda 3: Hesabu (wazazi peke yao), Masomo (watoto wasome, wasifute), Picha (wote waandike). Nalinganisha kugawa kutoka kompyuta ya Windows, diski ya USB kwenye ruta, na kompyuta ya zamani yenye Linux na Samba (programu ya kugawa folda kwa kompyuta za Windows). Ipi inazuia kweli?

FundiKadutu
Ruta iondoe. Nyingi za nyumbani zina neno la siri moja kwa diski nzima: anayefungua Picha anafungua na Hesabu. Ukiiacha bila neno la siri, Windows 11 Pro ya toleo 24H2 inakataa kuingia kama mgeni, na watu wanadhani ruta imekufa.

Windows inatosha, ila ina milango miwili ya haki (majina ya menyu ni ya Windows ya Kifaransa). Wa kwanza uko Propriétés > Partage > Partage avancé > Autorisations. Pale kwa kawaida unakuta « Tout le monde » (kila mtu) ana Lecture (kusoma) tu. Mtoe, weka « Utilisateurs authentifiés » (walioingia kwa akaunti yao) na Modifier (kubadilisha). Mlango wa pili ni Sécurité, na kazi ya kuchuja ifanyie huko. Anayepitia mtandao anapata haki ndogo kati ya hizo mbili. Ukiacha Lecture tu kwenye ule wa kwanza, hata mzazi hataandika kitu.

Kwenye Sécurité, kosa la kila siku ni urithi. Folda mpya inarithi haki za folda ya juu yake, pamoja na kundi « Utilisateurs » (watumiaji), na watoto wamo. Bonyeza Avancé > Désactiver l'héritage, chagua kubadilisha haki zilizorithiwa ziwe za folda yenyewe, halafu ufute « Utilisateurs » na « Utilisateurs authentifiés ». Système na Administrateurs waache. Kisha ongeza wazazi, na kwa Masomo ongeza watoto na « Lecture et exécution ». Usiguse Refuser (kukataza): inashinda ruhusa, na ukiiweka kwa kundi ambalo na wewe umo, umejifungia nje.

NgubaTech
Yote hayo hayafai kitu kama nyumba nzima inatumia akaunti moja. Kwenye kompyuta inayogawa folda, fungua cmd (dirisha la amri) kama msimamizi, andika `net user watoto * /add`, itakuomba neno la siri. Hata Windows Home inakubali. Akaunti isiyo na neno la siri haipiti kwenye mtandao, na PIN nayo haipiti.

Jambo lingine: Windows haikubali uingie kwenye kompyuta ileile inayogawa folda kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Ukipata kosa 1219, piga `net use * /delete` uingie upya. Na folda yenye $ mwishoni mwa jina, kama Hesabu$, imefichwa tu. Anayejua jina anaiandika na anaifikia. Kinachomzuia ni haki.

Bagira243
Yaya Fundi amesema vizuri, lakini kompyuta ya Windows ikizimwa, folda zote zimeenda. Kwa umeme wetu wa SNEL (shirika la umeme la Kongo) unaokatika, mimi nachagua laptop ya zamani yenye Linux: betri yake inafanya kazi ya onduleur (UPS, betri ya akiba). Ndani ya /etc/systemd/logind.conf weka `HandleLidSwitch=ignore` ili isilale ukifunga kifuniko. Halafu kwenye smb.conf (faili la mipangilio ya Samba):

[Masomo]
path = /srv/masomo
valid users = @nyumba
read only = yes
write list = @wazazi

Wazazi wawe pia ndani ya kundi nyumba. Kila mtu afunguliwe akaunti ya Linux kwanza, ndipo `sudo smbpasswd -a jina` impe neno la siri la Samba. Hakikisha na `testparm`, inayokagua smb.conf. Haki za Linux kwenye /srv/masomo nazo zinahesabiwa, kwa hiyo milango miwili iko huku pia. Diski iumbizwe (format) kwa ext4, ya Linux. ExFAT haishiki haki za mtu mmoja mmoja, hata kwenye Windows.

Ibanda_Reseau
Asante wakubwa. Nabaki na Windows kwanza. Swali: faili likihamishwa kutoka Hesabu kwenda Picha, watoto wanakataliwa. Kwa nini?

FundiKadutu
Diski ni ileile, ndiyo maana. Ukihamisha (Ctrl+X), faili linaenda na haki zake za zamani. Ukinakili (Ctrl+C), linachukua haki za folda mpya. Kwa yale yaliyokwisha kuhama: `icacls D:\Picha\* /reset /T`. Usisahau ile nyota, bila hiyo unafuta na haki ulizoweka kwenye Picha yenyewe.