Wauzaji wa kete za Go, tajeni kipenyo na nafasi ya mistari, acheni kutuchanganya na namba

Ndugu wanajukwaa, nimechoshwa na namna kete za Go, mchezo wa ubao ambao kete nyeusi na nyeupe huwekwa kwenye makutano ya mistari, zinavyouzwa mtandaoni. Duka lililoniuzia ubao na kete kwa pamoja, baada ya kunihakikishia kwa maandishi kwamba vinaendana, sasa limekataa kuzipokea kete hizo kwa kisingizio kwamba mfuko umeshafunguliwa. Jamani, kete hujaribiwaje zikiwa mfukoni?

Ubao walionitumia una milimita 20 kutoka mstari hadi mstari, ilhali kete zina kipenyo cha milimita 22. Mstari mmoja una makutano 19, yaani nafasi 18, kwa hiyo kutoka makutano ya kwanza hadi ya mwisho ni milimita 360. Kete 19 zikipangwa zikigusana zinahitaji milimita 396 kutoka kitovu cha ya kwanza hadi cha ya mwisho. Hizo milimita 36 zitoke wapi? Vita vikipamba moto kwenye kona, ukitaka kuweka kete katikati ya nyingine nne, moja humpanda mwenzake mgongoni, nyingine huteleza hadi katikati ya mistari, na wachezaji huacha kuwaza mchezo wakaanza kubishana ile ya pembeni ilikuwa wapi.

Kilichoniudhi zaidi ni jibu la huduma kwa wateja, kwamba kete zangu ni "namba 33, saizi ya kawaida". Namba hiyo ya Kijapani hupima unene tu: 33 ni takriban milimita 9.2, na 36 ni takriban milimita 10.1. Kete nene ina uzito wake, hushikika vizuri kati ya kidole cha shahada na cha kati, na hutoa mlio mzuri ikigonga ubao (raha hiyo siikatai), lakini unene haukuambii hata kidogo kama kete zitaenea.

Ubao wa kawaida wa Kijapani una nafasi ya karibu milimita 22 kwa upana na 23.7 kwa urefu, kwa kuwa mchezaji huutazama kwa mshazari na urefu huonekana umefupika. Kete nyeusi nazo hufanywa kubwa kidogo kuliko nyeupe, takriban kipenyo cha milimita 22.2 dhidi ya 21.9, kwa sababu weupe hukuza umbo machoni. Mafundi wamehangaika na sehemu za kumi za milimita, halafu muuzaji anakuja na "saizi ya kawaida"! Huku ni kuuziana mbuzi kwenye gunia.

Ninachodai ni kimoja kati ya viwili: kete zenye kipenyo kisichofika milimita 20, au ubao wenye nafasi ya milimita 22, na gharama ya usafirishaji iwe juu yao. Nanyi mnaotaka kununua, msilipe kabla ya kutumiwa picha ya rula iliyolazwa juu ya mistari ya ubao. Anayemfahamu muuzaji anayetaja vipimo vyote viwili bila kuombwa, tafadhali aandike hapa chini.