Naomba ushauri: kitabu cha mapishi yenye wanga kidogo kwa mama mwenye kisukari

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Niko Kigoma, Ujiji, naishi na mama yangu wa miaka 61. Ana kisukari na anatumia vidonge. Kliniki wamemwambia apunguze wanga, na dozi wanaifuatilia wao, kwa hiyo upande wa dawa sina swali. Shida yangu ni jikoni.

Mama amekulia ugali wa muhogo. Nilimbadilishia wa mtama nikidhani nimepata dawa, kumbe nao ni wanga vilevile, kipimo ndicho cha kuangalia. Sasa nampikia migebuka, dagaa, mayai, mchicha na bamia, lakini ni yale yale kila siku na ameanza kuchoka. Juzi alisukuma sahani akasema hajashiba. Iliniuma sana.

Nimezunguka maduka ya vitabu hapa mjini, nimeambulia vya keki na maandazi. Nilichopakua kwenye simu ni cha Kiingereza, kinataka unga wa lozi na jibini, vitu ambavyo hapa sivioni sokoni.

Naomba kuuliza mawili. Kuna kitabu cha Kiswahili, chenye vyakula vyetu, kinachoonyesha kiasi cha wanga kwa kila sahani? Na kama hakuna, ni cha Kiingereza kipi mmekitumia wenyewe ambacho mapishi yake yanakubali samaki wa ziwani na mboga za majani?

Hata cha mtumba nitanunua, nauli ya basi hadi Kigoma nitalipa mimi.