Ushauri: Kaka yangu ni askari wa Uingereza, bastola imekutwa sandukuni mwake

Dada_Nanyuki: Wakuu, naomba msaada wa haraka. Kaka yangu ni Mkenya, yuko jeshi la Uingereza. Polisi jeshi wamekuta bastola ya milimita 9 na risasi kwenye sanduku lake kambini, mzigo uliorudi kutoka misheni ya ng'ambo. Anasema alipewa zawadi, akaisahau. Kesho anahojiwa. Akiri mapema apunguziwe?

Mzee_Kilindini: Pole sana dada. Kesho asijibu swali lolote kuhusu bastola kabla ya kuonana na wakili peke yao. Wakili wa mahojiano ni bure, aombe mwenyewe. Neno "nilisahau" akishalitamka kwenye rekoda, amekiri kwamba ilikuwa mikononi mwake. Asifute meseji wala picha, na kama kuna risasi nyingine popote, asiziguse. Amwambie wakili.

Tumbo_Joto: Akiri tu, anayekiri mapema hupunguziwa theluthi.

Sheria_Kwanza: @Tumbo_Joto hapo utampoteza ndugu yetu. Bastola zilipigwa marufuku 1997, baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa shuleni Dunblane, Uskoti, mwaka 1996. Kumiliki moja ni kosa chini ya kifungu cha 5 cha sheria ya silaha ya 1968: kima cha chini miaka 5, cha juu 10, na mahakama ya kijeshi nayo inafungwa na kima hicho. Kukiri hakushushi chini ya miaka 5. Kinachoshusha ni mazingira ya kipekee, na lazima yathibitishwe. Risasi ni shtaka la pembeni, halina kima cha chini.

Kusahau si utetezi. Kutojua kilichomo sandukuni nako mara nyingi hakumwokoi mtu, maadamu alijua sanduku ni lake. Ila kama mwingine ndiye aliyelifunga na kulisafirisha, wakili alijue hilo leo.

Bint_Mvita: Wakili wake aisome kesi ya Sajini Danny Nightingale wa SAS, kikosi maalumu cha jeshi la Uingereza: alikutwa na bastola aina ya Glock na risasi 338. Novemba 2012 alikiri, akapewa miezi 18 kizuizini. Mwezi huohuo rufaa ikaigeuza kuwa miezi 12 iliyoahirishwa, kwa sababu ya utumishi wake na kumbukumbu iliyoharibika alipougua kwenye mbio za Amazon mwaka 2009. Machi 2013 hatia ikafutwa: jaji alikuwa amegusia ukubwa wa adhabu bila kuulizwa na utetezi, na hilo likamsukuma kukiri. Kesi ikaanza upya, Julai akakutwa na hatia, adhabu miaka 2 iliyoahirishwa. Kwa hiyo uamuzi wa kukiri autoe kwa hiari yake, baada ya kuona ushahidi wote.

Dada_Nanyuki: Asanteni mno. Tukusanye nini?

Sheria_Kwanza: Faili lake lote la matibabu, hasa kama aliwahi kuumia kichwa au kutibiwa msongo wa vita. Amri za uhamisho zenye tarehe, orodha ya waliofunga mizigo, barua ya kamanda wake. Akihukumiwa, ombi la rufaa lina siku 28.

Mzee_Kilindini: Na kwa kuwa ni Mkenya, mtafute pia wakili wa uhamiaji. Raia wa kigeni akifungwa miezi 12 au zaidi anaingia kwenye sheria ya kurudishwa kwao. Kama kifungo kilichoahirishwa kinahesabiwa hapo au la, wakili huyo awaambie. Mawakili hao wawili waongee kabla hajajibu shtaka.