Naomba ushauri: nikipiga Windows upya, nyimbo za iTunes zitafunguka?

Msafwa_Mpya: Wakuu, habari za jioni. Niko Mwanjelwa. Laptop yangu imekuwa nzito mno, fundi anasema dawa ni kufomati na kupiga Windows upya. Tatizo ni iTunes, ile programu ya muziki ya Apple. Humo kuna nyimbo za kununua, na nikijaribu kuzifungua kwenye kompyuta ya ofisini naambiwa akaunti imeshafikisha kompyuta tano. Nikifomati na hii si nitakosa kote? Naipeleka kwa fundi kesho asubuhi.

Bonde_la_Usangu: iTunes bado ipo? Mimi zangu niliwekewa kwenye flashi pale Kabwe kwa buku mbili, nasikiliza kwenye gari hadi Makambako.

Fundi_Uyole: Mkuu, akaunti moja ya Apple inaruhusu kompyuta tano, simu hazihesabiwi. Ukifomati bila kuondoa idhini ya kompyuta hii, yaani ruhusa yake ya kufungua nyimbo za akaunti, nafasi ile inabaki imekaliwa, na Windows mpya inaweza kuhesabiwa kama kompyuta nyingine. Fungua iTunes, menyu ya "Account", kisha "Authorizations", uiondoe hii kwanza. Ila zilinunuliwa lini? Tangu 2009 nyimbo za duka lile zinauzwa bila kufuli, lile linalozuia wimbo kufunguka kwenye kompyuta isiyo na idhini. Tazama mwisho wa jina la faili: m4a inapiga popote, m4p ndiyo yenye kufuli.

Msafwa_Mpya: Nyingi ni m4p, za 2006 na 2007. Nimeona kitufe cha kuondoa zote tano kwa mkupuo. Nitabonyeza hicho, yaishe.

Mama_Tukuyu: 2006 ulikuwa unanunua nyimbo mtandaoni ukiwa Mwanjelwa? Kwa kadi ipi?

Msafwa_Mpya: Akaunti ni ya kaka yangu, alikuwa Uingereza. Alifariki mwaka jana. Neno la siri alinipa mwenyewe. Swali langu lilikuwa la kompyuta, sikuona haja ya kuyaeleza hayo.

Fundi_Uyole: Pole sana mkuu. Hizo nne nyingine ni za nani?

Msafwa_Mpya: Moja ni ya shemeji, yuko kule na watoto. Zilizobaki ni za zamani za kaka, zimeshakufa. Shemeji sidhani hata kama anafungua iTunes. Na laptop hii kaka ndiye aliyeniletea.

Mkwawa_Jr: Wakuu, hii ni chai. Siku hizi ukiingia kwenye akaunti, namba inatumwa kwenye simu ya mwenyewe. Nani anakusomea?

Bonde_la_Usangu: Isije ikawa laptop ya wizi. Jirani yangu Iringa aliuziwa moja, akaishia polisi na risiti mkononi.

Msafwa_Mpya: Simu yake ninayo, ilikuja na mizigo yake. Mnataka niwapigie picha kaburi?

Mama_Tukuyu: Hakuna anayetaka kaburi, baba. Ila simu unayo, neno la siri unalo, na mjane hajui. Nilipofiwa, shemeji zangu walibeba redio kabla ya arobaini. Ndani mlikuwa na kanda ya marehemu akiimba na watoto. Mpigie huyo dada.

Fundi_Uyole: Tena kitufe hicho ni mara moja tu kwa mwaka. Ukikibonyeza, kompyuta yake inafungiwa zile m4p mpaka aiidhinishe upya, na akiombwa namba, inakuja kwako. Kweli zilizokufa hazitoki kwa njia nyingine, lakini hilo muongee naye. Leo toa hii yako peke yake, nakili folda ya iTunes kwenye diski ya nje, fomati, halafu iidhinishe tena. Nafasi ni ileile. Ya ofisini iache kwanza.

Msafwa_Mpya: Hii naitoa sasa hivi. Shemeji nitamtafuta wikiendi, saa hizi yuko kazini.

Mkwawa_Jr: Saa mbili usiku ya kwetu, kwao haizidi saa kumi na mbili jioni. Anarudi nyumbani huyo.

Msafwa_Mpya: Nimeongea naye. Anazisikiliza kila Jumapili na watoto. Kitufe sikigusi. Amesema simu niipeleke kwa mama kule Rungwe, atakuja kuichukua Desemba.

Mama_Tukuyu: Asante, baba.

Bonde_la_Usangu: Fundi, na diski ya SSD ya GB 256 hapo Uyole inakwenda shingapi?